Nairobi mpaka New York sio masaa 8, wacheni kumdanganya mama yangu

Wajuaji wa barazani kwetu Majengo, Mombasa, wamenichosha. Tiketi ya mama kwenda kwa dada ilipotoka, mmoja wao akaisoma, kuondoka Nairobi usiku karibu na saa sita, kufika New York asubuhi, akatangaza "Masaa 8 tu mama, walala waamka ushafika". Mama kusikia hivyo akataka dawa zake za magoti ziende kwa sanduku, asizibebe mkononi!

Sasa jamani, saa ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya New York, na kule msimu wa joto wako nyuma yetu masaa 7. Kwa hivyo 8 ongeza 7, ni 15. Na huyo huyo akaangalia ya kurudi akasema masaa 21, hata hakushangaa vipi njia ni moja. Kurudi unatoa hizo 7, inabaki 14.

Hakukubali kushindwa. Akaleta ramani ya ukutani, akapiga rula kutoka Nairobi mpaka New York, mstari ukatokea Mauritania. Hapo nikamwita mpwa wangu alete ile dunia ya duara wanayosomea jiografia, nikachukua uzi wa mama wa kushonea kofia, nikabana Nairobi kwa kidole gumba, nikavuta mpaka New York nikaukaza sawasawa. Uzi ukapita Chad, ukalikata jangwa la Algeria, ukatokea Morocco, watu wote wameinamia. Rula yake hoi, dunia ni duara sio ukuta. Kisha nikauzungusha ikweta, sentimita 63, na ikweta ya kweli ni kama kilomita 40,000. Safari ya mama ilikula sentimita 18 na nusu, piga mwenyewe, inakuja 11,700 na ushei, na umbali wenyewe ni kama 11,800. Kwa uzi wa kofia wallahi!

Ndege ikienda 900 kwa saa ni masaa 13, weka kupaa na kutua, weka na upepo, maana huko juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati wa kwenda unawapiga usoni, kurudi unawasukuma ndio inakuwa kama 14.

Bei msiniulize, dada ndiye alolipa, mimi nilitoa ya treni ya Mombasa kwenda Nairobi tu. Na treni chukueni ya asubuhi, ile ya alasiri inafika stesheni ya Nairobi, Syokimau, usiku, ikichelewa kidogo mtaanza kukimbizana na foleni ya eapoti. Ndege ya moja kwa moja ipo tangu Oktoba 2018, yule atakayekuambia lazima ubadilishe Ulaya au Dubai habari zake za zamani.

Saa yake ya mkono nilimwambia mama asiiguse, ibaki ya Mombasa mpaka atue, ndio ajue dawa ni saa ngapi. Kama nyinyi mwaenda baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, kule wanarudisha saa nyuma, ongezeni 8 sio 7.