Si kwa mpangilio wowote

Estes Park, Colorado, Jumapili usiku

Tangu Alhamisi ninairudia kichwani sentensi moja niliyoitamka mwenyewe jikoni, na kila nikiirudia inazidi kuwa ya kipumbavu. Nimeirudia nikifua, nimeirudia nikimenya vitunguu, na leo asubuhi ilinijia katikati ya Sala ya Bwana, pale penye "utusamehe makosa yetu", sauti ikanikatika, na mwenzangu aliyesimama kulia kwangu akanishika bega kwa upole akidhani nimeguswa na Roho. Sikumsahihisha.

Wiki hii mvua ya mawe ilipasua kioo cha gari letu, mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu akishuka kutoka Gem Lake, na vijana wawili walibatizwa. Anayetaka habari hizo atazikuta katika barua ambayo kiongozi wetu huwaandikia wafadhili kila mwisho wa juma. Mimi nina habari ya daftari tu.

Mnajua tayari kwamba wenzangu wote wa safari hii ya uinjilisti ya kiangazi wameajiriwa mchana, huyu akiuza peremende kwa watalii wa Elkhorn Avenue na yule akiosha vyombo hotelini, ili kazi hizo ziwakutanishe na watu wa kuwashuhudia, na kwamba mimi, kwa sababu viza yangu ya mwanafunzi hainiruhusu kuajiriwa hovyo nje ya chuo, nimekabidhiwa jiko la kanisa linalotupokea. Kila Alhamisi jioni tunawalisha bure wanafunzi wa kigeni wanaokuja kufanya kazi za msimu kwa viza ya J-1, ambao ndio wanaotandika vitanda vya mji huu na kusafisha vyoo vyake, mji wa watu elfu sita hivi unaopitiwa kila kiangazi na msururu wa magari yanayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain. Tunawalisha, tunawaazima baiskeli, tunawapeleka dukani, na anayependa hubaki baada ya chakula kwa nyimbo na neno fupi.

E. ni mmoja wao. Ni Mturuki, anasoma uhandisi kwao, na hapa anasafisha vyumba kumi na vinne kwa siku. Jioni yake ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuku wale wamechinjwa kwa namna anayoweza kula, nikamwambia kweli kwamba wametoka duka la kawaida, akashukuru, akala saladi na mkate, akaosha sahani yake mwenyewe. Kuanzia wiki iliyofuata nikaachana na kuku. Napika maharage ya nazi, wali na chapati, na wale mliosoma masaibu yangu ya mwezi Juni mnakumbuka maharage hayo yananigharimu nini: hapa tuko mita 2,293 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota yakiwa na nyuzi 92 tu hivi, na maharage yanaweza kuchemka tangu asubuhi yakabaki na kiini kama kokoto. Nayaloweka Jumatano usiku, nayabandika Alhamisi saa nne asubuhi, na bado saa kumi jioni nabonyeza moja kwa kidole nikiwa na wasiwasi wa mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Nilifanya hivyo kwa ajili yake. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika kesi ninayoiendesha kichwani kila usiku, hili ndilo shahidi wangu wa pekee.

Alhamisi alifika mapema, akafunga nywele, akaomba kusaidia chapati. Aliutazama mti wangu wa kusukumia kwa huruma, akasema kwao hutumia kijiti chembamba kirefu, kisha akausukuma ule ule mnene mpaka chapati ikawa nyembamba kiasi kwamba niliona mistari ya ubao kupitia unga. Tulicheka. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta, unga haukuwa umetosha, nami mwenyewe, kwa kinywa changu, nikamwambia afungue daftari la kijani pale kwenye kaunta aangalie nimeandika vikombe vingapi.

Vipimo vya chapati viko kurasa za nyuma. Yeye alifungulia mbele.

Ukurasa wa mbele ndio tuliopewa kuujaza katika wiki ya mafunzo: mistari kumi ya majina, na pembeni vijisanduku vya kutia alama, amekuja chakulani, tumezungumza, amealikwa, amesikia Injili. Nilimwona akinyamaza. Nilijua anasoma nini kabla sijageuka vizuri, kwa sababu mtu anayesoma vipimo vya unga hasimami vile.

Akasema, "Jina langu haliandikwi hivi." Akachukua kalamu iliyokuwa imefungwa kwa uzi kwenye daftari, akainama, na chini ya ile herufi ya s akatia kimkia kidogo kinachoelekea kushoto, taratibu, kama anayetia shanga. Kisha akauliza hao wengine ni nani. Nikamwambia ni watu ninaowaombea.

"Na mimi ni wa nne," akasema.

Nami nikamjibu: "Si kwa mpangilio wowote."

Ndiyo hiyo. Sikusema samahani, sikusema dada yangu hebu tukae tuongee, wala sikusema kwamba ni kweli, nilikuandika kabla sijakujua na sasa ninakujua. Nilimjibu kama karani anayemweleza mteja utaratibu wa foleni. Akatikisa kichwa, akafungua kurasa za nyuma, akasoma "vikombe vitano" kwa sauti, akapima unga, tukasukuma chapati zilizobaki tukizungumza habari za mvua. Aliondoka kabla ya nyimbo, jambo ambalo amelifanya kila Alhamisi, kwa hiyo hata hilo siwezi kulihesabu kuwa ushahidi.

Kinachonichoma si daftari lenyewe. Nyumbani pia tunaandika majina. Jumuiya yetu ina daftari la maombi lililokwisha majalada mawili, wagonjwa, wajane, watoto waliofeli, na hakuna aliyewahi kukwazika kuandikwa humo. Watu hukwazika kwa kusahauliwa. Lakini daftari lile halina vijisanduku. Na yule mama jirani yetu wa Moshi mjini, ambaye tangu nikiwa mdogo ametuletea sahani ya pilau kila Idi na kupokea yake kila Krismasi, sahani ikirudi haijawahi kurudi tupu, angeshangaa sana kusikia kwamba miaka yote hiyo angeweza kuwa mstari katika orodha ya mtu. Hata sijui kama tungeweza kumtia alama katika kijisanduku gani.

Ijumaa nilikaribia kuuchana ukurasa ule. Kilichonizuia ni koti. Wengi wenu mnalijua, lile la bluu lililoonekana katika picha zangu zote za mwaka wa kwanza: familia moja ya kanisa karibu na chuo ilinipokea uwanja wa ndege mwezi Januari nikiwa na sweta la shule, ikanivika koti hilo kabla hata ya kuniuliza jina vizuri, na ni kwa familia hiyo nilianza kuhudhuria ibada huku, na ni kwa ibada hizo niko hapa. Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Sasa nikajiuliza: je, mahali fulani katika droo ya nyumba ile liko daftari, na mimi nilikuwa wa ngapi? Nililitafakari jambo hilo usiku kucha, na ajabu ni kwamba sikukuta hasira ndani yangu. Nilikuta kwamba ningependa tu kujua kama waliandika jina langu sawasawa.

Jana saa tatu usiku, ambayo kule Machame, chini ya Kilimanjaro, ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, nilipiga simu nyumbani nikijua Bibi atakuwa amekwisha kuamka na bado hajaenda kanisani. Nilimsimulia yote. Bibi alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake, kisha akaniuliza kama yule binti alikula.

Nikasema alikula, tena aliongeza maharage.

"Na jina akalisahihisha?"

"Akalisahihisha, Bibi."

"Aliyechukia anafuta," Bibi akasema. "Huyo amekuelekeza."

Nilicheka peke yangu gizani kwenye ngazi za kanisa. Sikuwa nimeliwaza hivyo hata kidogo. Siku mbili nzima nilikuwa nimeikalia sentensi yangu, na kalamu yake sikuipa hata dakika moja.

Kisha akanikumbusha habari ya jina la ukoo wetu, ambayo nimeisikia mara nyingi kama kichekesho cha harusini. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893, na babu yake Bibi alikuwa miongoni mwa vijana waliobatizwa nao miaka iliyofuata. Mjerumani aliyeshika kalamu siku hiyo alilisikia jina vibaya, akaliandika kwa herufi ambayo mzee mwenyewe hakuwahi kuitamka mpaka anaingia kaburini, na kwa kuwa lilikuwa limeandikwa, likawa ndilo. Liko kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Liko kwenye pasipoti. Lile kosa ndilo linaloitwa kwa sauti kila ninapofika kwenye dirisha la ofisi yoyote ya Marekani. Mjerumani yule naye bila shaka alikuwa na wafadhili wa kuandikiwa barua, watu wa kwao Saksonia waliotaka kujua wamefika wangapi, na babu yetu alikuwa mmoja katika hesabu hiyo. "Hakuna aliyempa kalamu," alisema Bibi, na hakusema zaidi, kwa sababu kengele ya kwanza ilikuwa imepigwa na alikuwa bado hajavaa.

Kwa hiyo ukurasa sikuuchana. Kesho asubuhi tutakaa kwenye duara, na kila mmoja atasoma orodha yake kwa sauti na kueleza alama zake, nami sijui nitasema nini nikifika mstari wa nne, wenye alama tatu, kimkia kimoja cha wino wa mtu mwingine, na alama ya kidole cha unga. Kiongozi wetu ni mtu mwema na anazipenda roho za watu kwa dhati. Sitaki kumfedhehesha mbele ya wengine. Huenda nikasema tu kwamba E. amenifundisha kusukuma chapati. Ni kweli, na hakuna kijisanduku chake.

Leo baada ya ibada nilitembea mjini. Elki watatu, aina ya kulungu wakubwa wa huku, majike, wakubwa kama ng'ombe wa kisasa, walikuwa wakivuka barabara polepole kama watu wenye hati miliki ya mji, magari yamesimama pande zote mbili, watalii wametoa simu. Upande wa pili wa barabara nikamwona E. juu ya baiskeli ya kanisa, mguu mmoja chini, akisubiri kama wengine. Akapiga kengele ya baiskeli mara mbili. Nikapunga mkono. Elki mmoja akageuza kichwa kumtazama. Wakapita, magari yakaondoka, naye akaondoka nayo, na mpaka sasa sijajua kengele ile ilikuwa yangu au ya elki.

Nilisahau kuandika kwamba Mama aliichukua simu Bibi alipokwenda kuvaa. Aliniambia, kwa sauti ile ya haraka anayoitumia kwa mambo asiyotaka yaulizwe, kwamba mdogo wangu amepata safari. Yaani ameingia kwa wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro. Amepanda mlima na kundi la wageni waliotokea geti la Machame siku ya Jumatano, mzigo wake wa kwanza. Wenzangu hapa wananiambia kila siku jinsi mlima wao wa Longs Peak ulivyo mkubwa, mita 4,346, nami huitikia kwa adabu. Kama ni njia ya siku saba na hawakuchelewa, basi usiku uliopita wamelala kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, na sasa hivi, kwao ikiwa Jumatatu asubuhi, wageni wako kileleni na yeye amebaki kambini na wenzake akiwasubiri ili wafungashe na kushuka. Sheria inasema mgumu asibebe mzigo unaozidi kilo 20. Magoti ya Baba mnayajua, na Baba naye alibeba wakati ambapo sheria ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Nilimuuliza Mama amevaa nini miguuni. Akasema viatu vya Baba, vile vya mwisho, bado vizima. Viatu vya Baba ni namba 43. Yeye anavaa 41, na sikukumbuka kuuliza kama kuna aliyempa soksi za pili za kujazia.