Walitafuta jini, kumbe jeni
Majibu yametoka jana. Mwanangu ana miaka 7. Akitaka kuinuka sakafuni anashika magoti, kisha mapaja, anajipanda mwenyewe kama anapanda mwembe. Hapa Kirumba walishasema karogwa; shangazi akatuvusha hadi Ukerewe kwa mganga, nauli ya meli na kuku wawili vikaenda hivyo hivyo. Kumbe ni Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli: kipande cha jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli, hakipo. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu X, na kipimo kinaonyesha ninayebeba hiyo yenye kasoro ni mimi, mzima kabisa! Kila mvulana nitakayemzaa ni nusu kwa nusu kuupata.

Sasa mdogo wangu, tumbo moja, ana mimba ya miezi minne. Nimempigia mara mbili, nikaishia kumuuliza bei ya dagaa.