Kabati la inchi 16

Kila niliyemwuliza aliniambia ninunue kabati kubwa. Mama mkwe, wifi yangu, muuzaji mwenyewe, hata dereva wa kirikuu aliyekuja kulibeba. "Nguo haziachi kuongezeka, dada. Chukua la milango mitatu umalize kazi." Ushauri huo ulinigharimu laki nne na ushei, na miezi minne ya kuvaa magauni yale yale kwa kuwa ndiyo mkono wangu uliyafikia.

Tumepanga Tandika, Dar es Salaam, na chumba cha kulala ni futi 10 kwa 10. Mlango uko kushoto, dirisha kulia, kitanda cha 5 kwa 6 kimekaa katikati kwa sababu hakuna pengine kinapoweza kukaa. Mwanzo tulikuwa na kabati la turubai, lile la mabomba na zipu linalouzwa Kariakoo. Halikuvuka masika. Viungo vya plastiki vilipasuka, bomba la juu likalala, na upande uliogusa ukuta ukaota ukungu. Kanzu ya Idi ya mume wangu ina madoa mgongoni mpaka leo.

Basi tukaenda Keko. Kabati nililochagua lilikuwa zuri kweli, siwezi kulisema vibaya: upana futi 5, kina futi 2, urefu futi 7, na kioo katikati. Muuzaji akaniuliza ukuta wangu una urefu gani, nikamjibu futi 10, akacheka kwa furaha: "Linaenea mara mbili!" Hakuniuliza kitanda kinaishia wapi, na mimi sikufikiri kumwambia.

Kitanda changu pamoja na ubao wa kichwani kina futi 6 na nusu. Toa hizo kwenye futi 10, zinabaki 3 na nusu. Toa futi 2 za kabati. Zinabaki inchi 18. Milango ya kabati ilikuwa na inchi 20 kila mmoja.

Mlango wa kabati ukifunguka ulipiga godoro na kusimama hapo hapo. Nilijifunza kuingiza bega la kulia, kisha mkono, nikapapasa gizani mpaka nipate kitambaa ninachokifahamu. Naondoka nyumbani saa 11 alfajiri na taa siwashi kwa ajili ya mtoto, kwa hiyo kila asubuhi kona ya mlango ilimgonga mume wangu kwenye nyayo. Alivumilia bila neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nililiuza kwa nusu bei. Safari hii nikasema sitanunua kitu kabla sijakiona kikiwa ndani ya chumba changu, na kwa kuwa hakuna duka linaloazima kabati, nikanunua chaki.

Hiki kitu cha chaki nakieleza polepole, kwa sababu ndicho kilichoniokoa. Nilichora kabati sakafuni, ukubwa wake kamili. Kisha nikachora milango ikiwa wazi, kila mlango na upinde wake jinsi unavyozunguka. Halafu nikasema, kuanzia leo hapa pana kabati. Siku tatu hatukukanyaga ndani ya mchoro. Mume wangu alizunguka, mimi nilizunguka, nikavaa nikiwa nimesimama pale ambapo ningesimama, nikainama kama ninavyoinama kuokota viatu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kina cha inchi 22, na siku ile ile nyonga yangu ikagusa kitanda nilipogeuka. Nikafuta, nikachora 20. Nikafuta. Nilipofika 16, zilibaki inchi 26 za kusimama, na nikaweza kuinama na kuinuka na mtoto mgongoni. Hapo nikaandika namba ukutani kwa penseli.

Milango nayo nilikata shauri iwe minne ya inchi 12 badala ya miwili ya 24. Kabati likawa na upana wa futi 4 tu, lakini kila mlango unafunguka mpaka mwisho. Ukienda kupima chumba chako, pima kwanza mlango wa kabati ukiwa wazi, na wewe umesimama mbele yake. Ukuta upime baadaye.

Fundi alikataa. "Kabati halina inchi 16, dada yangu. Henga peke yake ina 17." Ni kweli, henga haiingii kwa ubavu. Nikamwambia asifunge bomba kwa urefu wa kabati, alifunge kutoka ubao wa nyuma kuja mlangoni, nguo zinitazame kifua. Alinyamaza, akachukua kipande cha bomba, akakijaribisha, akasema, "Kumbe." Kila bomba linabeba henga 8 hivi. Na mimi sihitaji zaidi, kwa sababu kabla ya kwenda kwake nilimwaga nguo zote kitandani na kuzigawa: za kutundika upande huu, za kukunja upande ule. Mlima wa kukunja ulikuwa mara tatu. Khanga, vitenge, mashuka, nguo za mtoto. Makabati ya dukani yanakupa nusu nzima ya kutundika, kana kwamba sote tunavaa suti. Za kutundika kwetu ni mabuibui, kanzu, na mashati ya kazini. Buibui langu na henga yake linakula inchi 60 kwenda chini, shati linakula 40, kwa hiyo chini ya mashati nikawekewa rafu.

Mbao nilichukua paini ya Mafinga iliyotiwa dawa. Sikutaka chipubodi, kwa sababu mimi napiga deki kila siku na chipubodi ikinywa maji inavimba kama andazi. Miguu inchi 4 ili fagio na hewa vipite, na inchi 2 kati ya kabati na ukuta wa nje. Ubao wa nyuma nilimwambia autoboe matundu. Kabati lote limefungwa kwa bolti, likaingia kwa vipande. Jumla ilikuwa chini ya laki nne, pamoja na guta. Karafuu kwenye kitambaa kila rafu, na udi ninaufukiza Ijumaa.

Khanga zilibaki. Nina doti nyingi, za mama yangu zimo, na nilizichoka zilivyokuwa zikipangwa kama matofali, ukitaka ya chini unabomoa ukuta. Mvungu wa kitanda una inchi 9. Fundi akanitengenezea droo mbili za inchi 7, zina magurudumu, zinavutwa kuelekea dirishani. Na khanga sikunji tena, naviringisha. Naweka doti yote pamoja, mbavu mbili nazirudisha nyuma ili jina libaki katikati mbele. Pindo la chini nalikunja kwa ndani. Kisha naanza kuviringisha kutoka juu kuja chini, taratibu, na nikimaliza jina linakuwa limekaa juu ya bunda, maandishi yote yanasomeka. Nazipanga safu moja moja. Nikivuta droo naziona zote, kila khanga inasema neno lake, na ninachukua ninayoitaka bila kugusa nyingine. Wifi alipoiona droo hiyo alikaa chini sakafuni akaanza kuzisoma moja moja mpaka chai ikapoa. Aliposimama aliniomba chaki.

Leo alfajiri nilifungua milango yote minne kwa pamoja nikitafuta mtandio. Mume wangu alikuwa amelala, miguu yote miwili nje ya shuka, imening'inia mwisho wa kitanda. Hakuna mlango uliomgusa.