Nilivyowaeleza wazee wetu Bunge la Vermont la 1965

Darasa letu la uraia hapa Winooski, jimbo la Vermont, Marekani, lina watu wa Kongo na Burundi, na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni ukalimani, ila niliombwa nichukue kipindi cha bunge la jimbo. Ningeweza kumaliza haraka: Seneti ina watu 30, Baraza la Wawakilishi lina 150, jengo liko Montpelier, kwaherini. Lakini mzee mmoja wa kutoka Fizi, Kongo, alikuwa ameshauliza: hao 150, nani aliamua wawe 150? Na mipaka ya wilaya zao za uchaguzi ilichorwa na nani?

Jibu liko mwaka 1965. Tatizo ni kwamba karibu kila nilichosoma kilianzia mahakamani, kwenye kesi za kudai kura za wananchi ziwe na uzito sawa: Baker dhidi ya Carr, 1962, kesi ya Tennessee, Reynolds dhidi ya Sims, 1964, kesi ya Alabama. Mtu aliyetoka shifti ukimwanzia na hayo, analala. Nikaamua mahakama zisubiri, nianze na ardhi. Hawa ni watu wa mashamba, mipaka wanaijua.

Nikachora miraba ubaoni. Katika karne ya 18 gavana wa New Hampshire, Benning Wentworth, aligawa sehemu kubwa ya nchi hii vipande vya takriban maili sita kwa sita. Vipande vikawa miji, na kila mji ukapeleka mwakilishi mmoja. Watu walihama, viwanda vikaja, miji mingine ikabaki na miti, lakini hesabu ya mji mmoja mtu mmoja haikuguswa. Ndiyo maana jimbo lenye watu wasiofika 390,000 kwa sensa ya 1960 lilikuwa na wawakilishi 246.

Kisha nikaandika namba mbili tu kwa kalamu nyekundu, moja juu ya nyingine: Burlington, 35,531. Stratton, 24.

"Mwanangu, umesahau sifuri," akasema mama mmoja wa mbele.

Sikusahau, mama. Sensa ya 1960 iliwakuta watu 24 Stratton, abiria wa daladala moja, na mji huo ulikuwa na kura moja bungeni, sawasawa na Burlington. Sikuhitaji kueleza zaidi. Darasa lilianza kubishana lenyewe, mimi nikakaa.

Nilidhani wote wangeikataa hesabu ile. Wapi! Mzee wa Fizi aliitetea. Kijiji kidogo kisipokuwa na mtu wake, alisema, barabara haifiki, na mjini hakuna atakayekikumbuka. Kijana mmoja wa Burundi akamjibu kwa heshima, lakini bila kulegeza: "Mzee, na sisi tunaobanana mjini, nani atatukumbuka?" Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja hizohizo ndizo wenyeji walizotupiana enzi zile. Mimi niko upande wa kijana, na sikuficha.

Hapo ndipo nikamleta Philip Hoff. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa mwakilishi wa Burlington, yaani yeye peke yake kwa watu wote wale 35,531. Mwaka 1962 akashinda ugavana, Mdemokrati wa kwanza kuupata kwa zaidi ya miaka 100. Alipokuwa madarakani ndipo mahakama nazo zikaingia. Juni 1964, katika ile kesi ya Alabama, Jaji Mkuu wa Marekani Earl Warren aliandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari. Niligonga ile miraba ubaoni, nikaona vichwa vinatikisika kwa kukubali. Maneno ya Warren ukiyasoma kabla ya kuona ekari zenyewe yanapita hewani.

Vermont nayo ikaamriwa na mahakama ya shirikisho irekebishe. Mwaka 1965 Baraza lilelile la watu 246 likapiga kura kujipunguza hadi 150, wengi wao wakijua kabisa kiti kinachofutwa kinaweza kuwa chao. Miji midogo ikaunganishwa na majirani zake, mikubwa ikagawiwa viti zaidi. Kwa sensa ya 2020, mwakilishi mmoja anabeba watu kama 4,300.

Nilitaka kufunga daftari, yule mama wa mbele akanyoosha mkono tena. Kama ni hivyo, mbona Vermont ina maseneta wawili Washington, na California yenye mamilioni ina wawili vilevile?

Katika kesi yake Alabama ilileta hoja hiyohiyo, mahakama ikaikataa: majimbo yaliungana kama nchi huru zilizokubaliana, lakini kaunti na miji ni viumbe vya jimbo, haviwezi kudai usawa wa namna ile. Nikamtafsiria hivyo.

"Basi wakubwa wamejiachia mlango," akasema.

Mzee wa Fizi alicheka mpaka akakohoa. Muda ukawa umekwisha, na waliobaki walinizunguka na simu zao, kila mmoja akitaka nimwonyeshe kwenye ramani ya jimbo wilaya yake ni ipi na mwakilishi wake ni nani.