Kabati la vitabu lililo mlango, pale mti ulipotuangukia

Kila mgeni akija kwetu lazima binti yangu amvute mkono ampeleke mbele ya kabati la vitabu, amwambie avute kitabu cha kijani cha safu ya tatu, na mgeni akivuta kabati zima linafunguka na nyuma yake kuna chumba. Nimeulizwa mno tumelitengenezaje, na ndugu wawili watatu wa huku wanataka kujaribu kwao, basi nimekaa leo niandike yote kwa utaratibu, ingawa siwezi kueleza mlango bila kueleza upepo kwanza.

Tunaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Waliokuwepo tarehe 10 Agosti 2020 hawahitaji kukumbushwa. Jumatatu, mchana saa sita na nusu hivi, anga ikawa nyeusi yenye ukijani halafu ukaja upepo ambao mimi mtoto wa Tanga niliyezoea kusi na kaskazi sijawahi kuuona. Sio kimbunga cha kuzunguka, ni upepo unaokwenda moja kwa moja kama ukuta, wenyewe wanauita derecho, neno la Kispaniola lenye maana ya "moja kwa moja", na aliyelipa jina hilo alikuwa profesa wa hapahapa Iowa, Gustavus Hinrichs, mwaka 1888. Wataalamu baadae walikadiria kwenye mji wetu ulifika maili 140 kwa saa, yaani kilomita kama 225. Na haukupita dakika mbili ukaisha, ulituchapa kama dakika 45. Sisi tulikuwa beismenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, mimi, mke wangu na mtoto ambaye wakati ule alikuwa na miaka saba, na tulichosikia kikubwa kuliko vyote ni mti wa nyuma ya nyumba ukilalia paa.

Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake siku ile. Umeme kwetu ulirudi siku ya kumi na moja. Na corona ilikuwepo juu ya yote hayo, kwa hiyo hata kukumbatiana na majirani ilikuwa kwa woga.

Mti uliingia kwenye kachumba kadogo cha nyuma, mita mbili kwa tatu, kanakopakana na sebule. Paa lilitoboka, dari ikaja chini, na maji yakashuka ndani ya ukuta wa kati ambao ni wa zamani, ule wa lipu iliyopakwa juu ya vibao vyembamba. Lipu ikishalowa kwa ndani haina dawa, ukiigonga inasikika kama ngoma iliyolegea. Tukabomoa yote mpaka zikabaki nguzo za mbao tupu na unaona chumba cha pili kama unachungulia kwenye uzio.

Habari za bima sitazirefusha. Kampuni yetu ilichukua miezi saba kukubali kwamba ule ukuta nao umeharibika, na hadi leo nikifikiria simu nilizopiga moyo unanienda mbio. Ila walipokubali walikubali kurudisha ukuta kama ulivyokuwa, basi. Hicho ndicho nataka wenzangu mkielewe mapema: bima inalipa kilichokuwepo, ukitaka kitu kipya tofauti ni mfukoni mwako. Lakini gharama kubwa kwenye kazi kama hii ni kufungua ukuta, kuhamisha waya na kuweka boriti juu ya mlango, na ukuta wetu ulishafunguliwa na mti. Ndio maana nasema kama una wazo la namna hii na nyumba yako iko wazi, fanya wakati huohuo kabla jipsamu hazijapigiliwa, maana ukishapaka rangi hutakuwa na roho ya kubomoa tena.

Wazo lenyewe lilikuwa la mtoto. Alikuwa hataki kukanyaga kile chumba hata baada ya paa kuzibwa. Nikamuuliza tukifanye nini, akakaa kimya halafu akasema, "Baba, tukifiche, upepo usijue kama kuna chumba." Mke wangu alikuwa anafagia, akasimamisha ufagio akanitazama, na pale pale nikajua kazi nimeshapata.

Sasa niwaambie niliyojifunza, na mengi nimejifunza kwa kukosea.

Nilianza na bawaba za kawaida, tatu, kubwa za chuma, za mlango wa nje. Kabati likiwa tupu lilifunguka vizuri sana, nikafurahi nikapanga vitabu. Baada ya siku mbili kona ya upande wa kitasa ilishuka milimita sita na ikaanza kukwaruza sakafu. Jirani yangu Mkongo, fundi seremala aliyeanza kazi hiyo Bukavu kabla ya kufika huku, alikuja akaliangalia, akalisukuma kwa kidole kimoja, akaniambia, "Ndugu yangu, bitabu biko bizito. Hii mulango haiwezi kulala ku ukuta, inapaswa kusimama ku chini." Na hapo ndipo siri yote ilipo. Piga hesabu: mita moja ya vitabu vilivyobanana ina uzito wa kilo 30 hivi au zaidi, kabati langu lina safu tano za vitabu za sentimita 71, kwa hiyo mita tatu na nusu na kidogo, ni zaidi ya kilo 100 za vitabu peke yake, weka na plaiwudi ya milimita 18 unafika kilo 150. Mlango wa kawaida wa ndani haufiki hata kilo 25. Uzito huo huwezi kuuning'iniza kwenye skrubu za ubavuni.

Kwa hiyo tukang'oa bawaba tukaweka pivoti, yaani chuma kimoja kinafungwa sakafuni na kingine juu kwenye fremu, kabati linasimama juu ya kile cha chini na kuzunguka, uzito wote unaenda chini. Seti nzima ilinigharimu dola mia mbili na kitu na sijutii hata senti. Lakini usikifunge kile cha chini kwenye ubao wa sakafu tu, kitazama taratibu. Tulishuka beismenti tukatafuta penyewe kwa kutoboa tundu dogo kutoka juu, tukabana kipande cha mbao ya inchi mbili kwa kumi katikati ya boriti mbili za sakafu pale pale chini ya pivoti, kisha skrubu ndefu zikaingia mpaka humo.

Jambo la pili ni la kona, na hili lilinilaza macho usiku mmoja mzima. Mlango wa kawaida ni mwembamba, kabati lina kina. Chukua boksi la viatu, bana kona moja ya mbele kwa kidole, lizungushe, utaona kona ya nyuma ya upande wa pili inatoka nje zaidi kuliko upana wa boksi lenyewe. Kabati langu lina upana wa sentimita 75 na kina cha 20, kona ya nyuma inazunguka kwenye duara la sentimita 77.6. Ina maana lazima uache uwazi wa zaidi ya sentimita mbili na nusu upande ule, la sivyo litagonga fremu na halitafunguka kabisa. Mimi niliacha sentimita tatu. Sasa uwazi wa sentimita tatu unaonekana, mtu yeyote atajua hapa kuna mlango, kwa hiyo unapigilia ubao wa urembo mbele ya kabati lenyewe, sio kwenye fremu, ulalie juu ya fremu na kuziba uwazi, na kabati likifunguka kuja sebuleni ubao nao unakuja. Kina cha sentimita 20 kinatosha karibu vitabu vyote, usijitie tamaa ya kina cha 30, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Sakafu nayo. Nyumba hizi za zamani hakuna sakafu iliyonyooka, yetu kwenye ule uwazi imeshuka milimita tisa kutoka kushoto kwenda kulia, nilipima na pima maji mara nne nikidhani kimeharibika chenyewe. Ukifuata sakafu kabati litajifungua usiku lenyewe. Fuata pima maji, halafu chini uzibe kwa ubao wa kimo kinachobadilika.

Komeo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Waya mwembamba wa breki ya baiskeli unatoka kwenye komeo la nyuma, unapita kwenye tundu la ubao wa mgongo, unafungwa kwenye kitabu. Kitabu kiwe kigumu na kisiwe cha thamani, mimi nilinunua daftari nene la mahesabu la zamani kwenye duka la mitumba kwa dola moja, nikabandika karatasi zake zote kwa gundi ya mbao mpaka likawa kama tofali. Kamusi ya marehemu baba iko jirani yake na hiyo haiguswi na drili.

Na hapa naomba sana mnisikilize, maana ni mtoto wangu ndiye anayekaa mle. Kwa ndani kuna mpini wa kawaida, hauna ufunguo, mtoto anavuta tu unafunguka. Kuna dirisha analoweza kutokea mtu mzima. Kuna kengele ya moshi ndani na nyingine nje. Mkaguzi wa jiji alikuja kuangalia boriti ya juu kwa sababu ule ukuta unabeba uzito, na bila kibali nisingeanza. Zimamoto wakiingia usiku hawajui kama nyuma ya vitabu kuna mtu, kwa hiyo tumekubaliana mtoto halali mle, anasoma, anachora, anacheza, kulala ni chumbani kwake. Na ving'ora vya dhoruba vikilia wote tunashuka beismenti, kile chumba sio kimbilio la upepo hata kidogo.

Mke wangu, ambaye ni wa Lamu, alitaka safu ya juu isiwekwe vitabu. Akaigawa vichumba vidogo vidogo kama zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za kwa bibi yake, akaweka kikombe, chetezo na picha ya harusi. Nilimwambia vitaanguka kabati likifungwa. Akavigandisha kwa nta kidogo chini, na hakijaanguka hata kimoja.

Mbao zina tabia moja ya kuzingatia huku. Majira ya baridi hita inakausha hewa na uwazi wa juu unapanuka, kisha Julai joto la unyevu likija kabati linavimba na kuanza kubana. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka nalegeza nati ya pivoti ya juu na kulisogeza. Binti sasa ni mrefu karibu anifikie bega, yeye ndiye anayeshika tochi na kuchungulia kwenye ufa kutoka ndani, mimi nje na spana, na ananiongoza kupitia vitabu: kushoto baba, kidogo, kidogo tena, hapo hapo.