Imepima, au imeambiwa?

Jumanne, saa tano usiku. Wamelala wote, tumebaki mimi na feni.

Tangu Alhamisi kuna maneno matatu ya Baba Mdogo yamegoma kutoka kichwani. Hapo katikati tumemwoza mdogo wetu wa mwisho, nimekwenda Tanga na kurudi, mwenye fremu kapandisha kodi, lakini nikinyamaza kidogo tu nayasikia tena yaleyale.

Meza mnaijua, ile ninayoiunda ya kukatia shiti za chuma, tochi ikiongozwa na kompyuta. Wiki iliyopita hatimaye ilitembea. Tochi ya plazma, ile inayokata chuma kwa moto wa umeme, sijaifunga bado. Nimeifungia kalamu ya Bic kwa rababendi, maana kalamu ikikosea umepoteza wino, plazma ikikosea umepoteza shiti ya geti la mtu. Nikalaza hadibodi, nikaiamuru ichore mraba wa milimita 500. Ikachora, mistari imenyooka, skrini inasoma 500.000 huku na 500.000 kule. Nikapiga picha, nikawatumia hadi watu ambao hatujasalimiana tangu Idi.

Baba Mdogo akapita akitokea Gerezani, Kariakoo, shati lina vumbi la grenda. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba maji, akanywa yote kwanza. Ndipo akachomoa futi yake mfukoni. Hakupima upande hata mmoja. Alimshikisha dogo alama ya 10 kwenye kona, kama kawaida yake, akavuta hadi kona ya mkabala, akatoa zile sentimita 10 kichwani. 708. Akavuta kona zile nyingine mbili. 704. Mraba wa kweli, hizo mbili hulingana.

"Nani kakwambia huu mraba?"

"Kompyuta, Baba. Ona hapa, mia tano kwa mia tano."

"Imepima, au imeambiwa?"

Basi. Akauliza basi la harusi linaondoka saa ngapi, akaenda zake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kwenye basi kuelekea Tanga, watu wanapiga vigelegele, mimi natunga majibu. Hakuna lililosimama, maana yuko sahihi. Mota za stepa, zinazozunguka hatua kwa hatua, hazina macho. Duara moja ni hatua 200, draiva, kifaa kinachoilisha mota umeme, nimeiweka igawe kila hatua mara 8, yaani mapigo 1600. Kompyuta inatuma mapigo na kuhesabu ilichotuma. Mota ikikwama au daraja, ile boriti inayobeba tochi, likienda mshazari, yenyewe inaendelea kuhesabu, kama mhasibu anayeandika "amelipwa" kwa sababu bahasha imeshatoka mezani kwake.

Niliporudi nilidhani mota zinapoteza hatua. Nikashusha kasi ya kuondokea, nikachora msalaba, nikaitembeza mashine mwisho wa meza na kurudi mara 30, kisha ikachora msalaba juu ya ule wa kwanza. Ukakaa palepale. Nikarudisha kasi ya mwanzo, palepale tena. Kumbe haipotezi kitu. Inakosea vilevile kila siku, na kosa la namna hiyo huwa liko kwenye chuma. Daraja lina mota mbili, moja kila upande, na nilipokaza puli sikuangalia kama pande zote mbili ziko sambamba. Upande wa kulia ulikuwa mbele kwa karibu milimita 8! Nikalegeza skrubu za puli, nikalisukuma daraja hadi likagusa vizuizi pande zote mbili, nikakaza. Nikachora upya, nikapima kona kwa kona kwa futi yangu, nikianzia kwenye 10 kama yeye.

706. Na 706.

Nilipiga kelele hadi Mama Watoto akatoka nje akidhani nimepigwa shoti. Saa nne usiku ile nikampigia Baba Mdogo.

"Shikamoo Baba. Zimelingana! Mia saba na sita, zote."

"Marahaba." Kimya. "Mraba wa ngapi?"

"Mia tano."

"Haya. Lala, mwanangu."

Nimekata simu bado natabasamu. Nikafika hadi bombani kunawa mikono, ndiyo ikanigonga. Mraba wa 500, kona kwa kona ni 707. Huyu mzee hajawahi kushika kikokotoo, lakini hiyo 707 anayo kwenye vidole. Na Alhamisi? 708 na 704, katikati yake ni 706. Alishaona yote mawili siku ile, mshazari na ufupi, akanisemea moja.

Mahesabu yangu ya mwanzo yalikuwa hivi: pinioni, yaani gia ndogo inayosogeza daraja, ya meno 20, moduli 1 (ukubwa wa jino), puli inapunguza mara 3, kwa hiyo duara la mota linasogeza milimita 20.94, na mapigo kwa milimita ni 76.39. Kisha nikajifanya fundi. Nikaiamuru itembee 1000, nikaning'iniza ncha ya futi ukingoni mwa ubao, nikasoma 1002, nikashusha namba hadi 76.24. Leo nimepima 500 kwa ncha ileile, halafu kwa kuanzia 10. Tofauti milimita 2. Nimepima 1000 kwa njia zote mbili: 2 tena. Ingekuwa ni mota, kosa la 1000 lingekuwa mara mbili ya la 500. Ni ncha ya futi, imejikunja, sijui tangu lini. Kona kwa kona ule uongo haukuingia kwa sababu sikuitumia ncha.

Kwa hiyo imeambiwa. Na aliyeiambia ni mimi.

Nimerudisha 76.39. Kuchora nitachora kesho, umeme uliobaki kwenye LUKU ni wa feni na friji tu.

Halafu kuna jingine, sijalisema humu ndani. Jumamosi pale ukumbini, walipotuita wazazi na ndugu mbele tupige picha, Mama alishika ukuta kwanza ndipo akainuka. Nikamtazama, akajifanya anarekebisha mtandio.