Baada ya Wanne Kutengana

Wiki hii yote nimekuwa nikisikiliza kazi ambazo wanamuziki wa The Beatles walizitoa kila mmoja kivyake baada ya bendi yao kuvunjika, na ninayemrudia kuliko wote si John Lennon wala Paul McCartney, bali George Harrison. Ndani ya bendi, George alikuwa akipata nafasi ya wimbo mmoja au miwili katika kila albamu, mara chache zaidi ya hapo, ilhali wenzake hao wawili wakigawana karibu zote zilizobaki. McCartney alipoweka wazi Aprili 1970 kwamba ameachana na bendi, hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa ametimiza miaka 30. Walikuwa na umri ambao wanamuziki wengine ndiyo kwanza wanaanza kufahamika, na tayari kila walichofanya kilikuwa kinapimwa kwa jambo ambalo lisingerudiwa tena.

Novemba mwaka huohuo George alitoa All Things Must Pass, albamu ya santuri tatu. Wimbo uliobeba jina hilo bendi nzima iliufanyia mazoezi Januari 1969, kisha ukawekwa kando. Isn't It a Pity aliutunga tangu 1966. Watu wengi huizungumzia albamu hii kama kisasi cha mtu aliyebaniwa, lakini mimi nikiisikiliza sisikii kisasi. Nasikia nyimbo ambazo mtungaji wake amekaa nazo kwa miaka, akazigeuza huku na huku, akajua kila moja inataka kwenda kwa mwendo gani. Kukataliwa kule kulimuumiza, bila shaka, lakini kulimfanyia kazi ambayo hakuna mtayarishaji angeweza kuifanya. Kwenye jalada ameketi uwanjani kwake akiwa amevaa mabuti ya mpira, amezungukwa na sanamu nne za vijizee vyenye ndevu zilizolazwa kwenye majani, na msikilizaji ana ruhusa ya kukisia zile nne ni nani.

Tatizo ni santuri ya tatu. Humo mna wanamuziki hodari wakipiga tu kwa kujifurahisha, bila wimbo wenyewe, na nakiri kwamba huwa siifikishi mwisho. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo ambalo limenishughulisha wiki nzima: mtu aliyezoea kukataliwa, siku akiwa hana tena wa kumkatalia, hubaki pia bila mtu wa kumwambia kwamba inatosha. Hata My Sweet Lord, uliomfanya awe wa kwanza kati ya wanne hao kushika namba moja Uingereza na Marekani akiwa peke yake, ulimfikisha mahakamani. Mwaka 1976 jaji wa New York aliamua kwamba George, pasipo kukusudia wala kufahamu, alikuwa amechukua melodi ya He's So Fine, wimbo ulioimbwa na kundi la The Chiffons. Najiuliza kama wimbo ule ungepita salama mbele ya masikio ya McCartney, aliyezikariri nyimbo za wasichana wa Marekani kama aya.

McCartney mwenyewe ni kinyume chake. Albamu yake ya kwanza alipiga karibu kila chombo yeye mwenyewe, na kwa sehemu kubwa aliirekodi nyumbani; ni tamu, lakini imejaa vipande ambavyo Lennon angevitupa bila kumwomba radhi. Aliyemkatalia hatimaye lilikuwa jiji la Lagos. Mwaka 1973 aliamua kwenda kurekodi huko na bendi yake ya Wings, na muda mfupi kabla ya safari wapigaji wawili wakajitoa, wakabaki watatu: yeye, mkewe Linda na Denny Laine. Dramu ikabidi azipige mwenyewe. Usiku mmoja waliporwa barabarani kwa kutishiwa kisu, na kanda zenye nyimbo za majaribio zikaondoka na wezi, kwa hiyo akalazimika kuzirekodi kwa kuzikumbuka. Juu ya hayo, Fela Kuti, mwanamuziki maarufu wa Nigeria, alimshutumu kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika, na hakutulia mpaka aliposikilizishwa kanda za kazi inayoendelea na kuthibitisha kwamba hamna kitu chake. Kilichotoka ni Band on the Run, ambayo kwangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote baada ya 1970. Sijui albamu yake nyingine iliyopita kwenye vizuizi vingi kiasi hicho, na sidhani ni bahati tu.

Lennon alijikatalia mwenyewe. Katika albamu yake ya Desemba 1970 aliondoa mapambo yote, akabaki na piano au gitaa, besi, dramu na sauti inayolia wazi. Naiheshimu kuliko ninavyoipenda.

Na Ringo Starr, mpiga dramu wa bendi na wa nne wao? Alijua kwamba kutunga si fani yake, hivyo hakuona haya kuomba. Albamu yake ya 1973 iliyoitwa Ringo ina mchango wa wote wanne, ingawa hawakuwahi kuwamo studio pamoja kwa wimbo mmoja. Katika wimbo wa kwanza, I'm the Greatest, Lennon yuko kwenye piano na George kwenye gitaa. Lennon ndiye aliyeutunga, wimbo wa mtu anayejisifu kwamba yeye ni bora kuliko wote, na alifahamu vyema kwamba akiuimba yeye watu watamkasirikia. Akampa Ringo, naye akauimba, na hakuna aliyekasirika.